Posho ya Jua na Vumbi

Dutwa, Bariadi
12 Juni 2022

Kuruta Siwema,

Assalaam alaykum. Kabla hujakaa, simama upige saluti, maana anayekuandikia ndiye anayeubeba mkoa mzima wa Simiyu kwenye pikipiki yake. Sitanii. Korona ikisikia honi yangu inahama yenyewe usiku, inaacha hata viatu. Madaktari wamesoma mpaka wakaota mvi ili waokoe watu kama ninavyowaokoa mimi, na mimi nina kidato cha pili na leseni tu. Hicho kidato cha pili chenyewe unajua nilikimaliza kwa kuruka ukuta.

Sikia kazi yenyewe. Watu wa afya wa mkoa walikuja kijiweni kwetu wakitaka bodaboda wanaojua njia za ndani, wa kuwabeba manesi wa chanjo kijiji kwa kijiji. Wakauliza nani anajua kufika Shishiyu bila kupita barabara kubwa. Wenzangu wakanyoosha mkono mmoja mmoja. Mimi nikanyoosha yote miwili, pikipiki ikaanguka, nikachukuliwa.

Nimepewa nesi anaitwa Ikupa. Kwao Tukuyu, kwenye mvua na ndizi, wamemhamishia kwetu kwenye jua. Ni mrefu, Siwema! Akikaa nyuma yangu, mimi ndiye ninayeonekana abiria. Mapajani kasha la chanjo limejaa barafu, mdomoni kelele: "Nassib, shimo! Nassib, mbuzi! Nassib, unaendesha au unasindikizwa?" Kisukuma anajua neno moja tu, mwangaluka, salamu ya asubuhi, naye analitoa hata jua likiwa linazama. Watu wanacheka. Wakicheka wanasimama, wakisimama amewapata.

Nikupe ya Shishiyu. Tumefika, kijiji kitupu, kuku tu. Watu wote wako shambani wanachuma pamba. Manesi wengine huwa wanapiga kipaza sauti pembeni ya shamba mpaka koo linakauka, hakuna anayegeuka. Kwani nani atamsikiliza mtu aliyesimama kivulini wakati yeye kainama juani? Sista Ikupa hakushika kipaza sauti. Alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni iwe mfuko, akashika mstari wa pamba kama mwenyeji, akaanza kuchuma. Anachuma vibaya, anaacha nusu ya pamba kwenye maganda, mama mmoja akamwambia, "We binti, kwenu hamna mikono?" Akajibu, "Kwetu mikono ni ya kumenyea ndizi, mama. Nifundishe." Walipomaliza ule mstari walikuwa wanataniana kama mawifi. Alipofungua kasha, mama yule ndiye alikuwa wa kwanza, akawaita na wakwe zake.

Nimeona watu wengi wanaojiita hodari, Siwema. Huyu hajiiti, basi tu.

Na serikali nayo safari hii haikulala. Imesema watu wote wa mstari wa mbele watapewa posho: manesi, wahudumu, na sisi madereva. Mstari wa mbele, Siwema! Na kwenye pikipiki nani anakaa mbele?

Baba anataka nafasi ya kukusalimu hapa chini.

Ndugu yako, Nassib Abdulkarimu,
Kamanda wa Chanjo, Kanda ya Vumbi

Mwanangu, kula ushibe, na swala usiache. Maneno ya kaka yako yagawe kwa mbili ndipo uyasome. Baba.


Kambini, Kigoma
25 Juni 2022

Kaka Nassib,

Wa alaykum salaam. Simu tumenyang'anywa siku ya kwanza kama nilivyokwambia, na barua afande anazisoma kabla yetu. Yako ameisoma kwa sauti mbele ya kombania nzima. Sasa naitwa Dada wa Kamanda, na kila tukipumzika naambiwa niruke kichura kwa heshima ya Kanda ya Vumbi. Punguza, tafadhali. Magoti ni yangu.

Huyo Sista nimempenda. Na kwa kuwa umepewa mtu kama huyo, nina jambo moja tu nakuomba. Baba achanjwe.

Mwaka jana ulikuwa Mwanza unatafuta maisha. Mimi ndiye niliyekaa naye hospitalini Bariadi, mrija puani, miguu imevimba. Hukuona, kaka. Baba yetu anayenyanyua baiskeli mbili kwa mkono mmoja kuzitundika dukani, alikuwa anatamka "Siwe", anapumzika, halafu ndipo anamalizia "ma". Daktari alinivuta pembeni akasema kifua hiki chenye pumu hakitahimili mara ya pili bila chanjo. Nilimweleza Baba tulipotoka. Akasema chanjo ya haraka haraka kama chapati haiingii kwenye mwili wake, na akanikataza kulirudia.

Mimi ananiona mtoto wa vitabu. Wewe anakupenda, hata ukivunja kitu anacheka. Mpeleke Sista Ikupa dukani. Tangu Mama atutoke sina mtu mwingine wa kurudi nyumbani kumkuta, na wewe pia huna.

Kwenye barua yako ijayo jibu hili kwanza, ndipo ujisifu.

Wako, Siwema


Dutwa
6 Julai 2022

Mpendwa kuruta, na wewe afande unayesoma, shikamoo,

Najibu kwanza kama ulivyoamuru. Tulia kabisa. Baba ni kama ameshachanjwa. Nimemwambia habari za Shishiyu, za kuchuma pamba, akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema, "Huyo binti mlete baada ya Idi, nimwone. Mtu anayejua kuomba afundishwe hawezi kuwa mwongo." Unaona? Ulichoshindwa wewe na vidato vyako vyote, mimi nimekimaliza kati ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine. Jumamosi baada ya Idi Sista atakuja kuchanja hapo hapo barazani kwetu. Baba mwenyewe amesema ataanza yeye, wazee wenzake wafuate.

Sasa nina ruhusa ya kujisifu? Asante.

Kimali tumekwenda. Kule Meatu nyumba moja na nyingine zinasalimiana kwa filimbi. Mzee mmoja anaitwa Mashimba alitukaribisha kwa dume la ng'ombe, yaani alilifungua litufukuze. Mimi sikukimbia. Niliiondoa pikipiki kwenye hatari kwa mwendo wa kasi. Sista ndiye aliyebaki, amekumbatia kasha lake, anamwambia yule mzee, "Baba, dume zuri. Nalo limechanjwa?" Mzee akasema, "Limechanjwa, na majike yote, kila mwaka." Sista akauliza, "Na wewe?" Mzee akalitazama dume lake. Halafu akamwita mwanawe aje afunge dume. Akachomwa yeye, wake zake, na mchungaji wake. Sista akatoka na mtindi kibuyu kizima. Mimi nilirudi nikapewa kidogo kwa ajili ya kuokoa pikipiki.

Lakini kubwa ni hili. Posho imeingia!

Tulikuwa chini ya mlima, tunabadilisha tairi. Muda wote huo Sista alikuwa anaweka petroli kwa mshahara wake, hajanung'unika hata mara moja, ila akipita mama wa maandazi anageuza uso asitamani. Simu yake ikalia. Akasoma. Akaniambia, "Nassib, hebu nisomee, macho yangu yamejaa vumbi." Ni ujumbe wa posho, jina lake kamili, limeandikwa vizuri, hata la ukoo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Miaka yote hii wakiniandikia ni uhamisho au nimechelewa kituoni. Leo wameniandikia asante." Halafu akacheza pale barabarani, na kofia ngumu kichwani, mpaka wapanda baiskeli wa pamba wakashuka wamwangalie.

Mimi nimeona serikali ikitaja majina ya watu wengi, Siwema, na kila mara huwa inawadai. Siku ile ilimtaja mtu ili impe. Sitaki uongo, na mimi nilifuta macho. Lilikuwa vumbi lakini.

Alinieleza posho yenyewe ni ya nini. "Hii ni ya jua, vumbi na hatari, Nassib. Ni ya siku tuliyotoka. Tukichanja kijiji kizima au tukifukuzwa na dume, ni ile ile." Yangu nayo ikaingia baadaye kidogo. Nikaenda mnadani. Siwema, nimenunua mtamba! Mwekundu, paji jeupe, masikio kama bahasha. Dalali Kasmiri alidhani nabahatisha bei kama kawaida yangu. Nikajitutumua kidogo mbele ya watu, nikalipa. Mtoto wa muuza vipuri vya baiskeli anatoka mnadani na ng'ombe wake anayemvuta kwa kamba! Wasukuma wenyewe walinipisha njia.

Idi njema. Baba hayupo karibu, yuko dukani, atakuandikia siku nyingine.

Nassib, Mwenye Ng'ombe


Kambini
18 Julai 2022

Kaka Mwenye Ng'ombe,

Hongera. Afande naye anakupongeza, anauliza mtamba ni mahari ya nani.

Habari ya posho imenifurahisha kuliko ulivyodhani. Manesi waliomhudumia Baba mwaka jana niliwaona. Kuna mmoja alikuwa anatembea kwa miguu kutoka kwake kwa kukosa nauli, na akifika anaosha mikono na kumgeuza Baba ubavu kama baba yake. Nilijiuliza, huyu nani anamkumbuka? Sasa nikipanga mstari alfajiri na baridi inaniuma, nafikiria Sista wako anacheza na kofia ngumu, naona kumbe nchi inaweza kumwona mtu aliyechoka. Mpe heshima zangu. Mwambie nikitoka hapa nitaomba chuo cha uuguzi, yeye ndiye wa kulaumiwa.

Lakini kaka, "ni kama ameshachanjwa" ni Kiswahili cha wapi? Mtu amechanjwa au hajachanjwa. Jumamosi imepita. Niambie mkono upi, alilalamika vipi, alipewa kahawa gani baadaye. Nataka nicheke.

Na mstari wa Baba chini ya barua uko wapi?

Siwema


Dutwa
29 Julai 2022

Siwema,

Shida yako ni kusoma sana. Mtu akisoma sana anaanza kukagua hata salamu.

Jumamosi ilikuwa kubwa. Baraza lilijaa. Mzee Sharifu wa nguo alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, wale wa bao wakaacha bao. Sista alivaa gauni jeupe limepigwa pasi, nilimwambia ukipanda pikipiki na hilo utashuka na la kahawia, akasema, "Leo nakwenda kwa baba yako, sio kwa ng'ombe." Njia nzima alishikilia pindo lisiguse mnyororo. Kahawa ilitoka, kashata zilitoka. Sista aliongea vizuri, hujawahi kusikia mtu anaongea na wazee vile. Anamaliza kila sentensi na kuwaachia nafasi ya kukohoa. Walimuuliza maswali magumu na yote akayajibu, na asilolijua akasema silijui, nitauliza. Watu wakamsifu. Hata Baba alimsifu.

Mtamba anaendelea vizuri. Nimemtengenezea kivuli uani, nyuma ya zile fremu za baiskeli. Anakula kila kitu, juzi kala kofia ya Mzee Sharifu. Ana tabia ya kulamba ukuta wenye chumvi. Nimempa jina lakini sitakwambia kwa sababu utacheka. Pembe bado ndogo. Kuna mtu ameniuliza kama namuuza, nimekataa. Nafikiria labda nitamuuza.

Mimi na Sista bado tunazunguka. Juzi mvua isiyo na msimu ilijaza korongo, akavuka kwa miguu, kasha la chanjo kichwani kama ndoo ya maji, upande wa pili kulikuwa na bibi mmoja tu anayesubiri. Mmoja! Nikamwambia, Sista, tumeloa kwa ajili ya bibi mmoja? Akaniambia, "Na yeye kasimama kwa ajili ya nesi mmoja."

Baba hajambo. Ana mafua kidogo ya hili vumbi la pamba, msimu umechanganya, malori yanapita mchana kutwa. Ndiyo maana hajaandika. Usitie shaka.

Nassib


Kambini
8 Agosti 2022

Nassib,

Umejaza nusu karatasi na masikio na kofia na pembe. Kuhusu mkono wa Baba hujaandika hata nukta.

Nimepiga magoti kwa afande, nikapewa simu yake. Ya Baba imezimwa. Yako inaita mpaka inakata. Nilirudia, ikakata.

Sitakugombeza. Niandikie tu kitu kimoja, cha kweli, usikipambe.

Siwema


Bariadi
17 Agosti 2022

Mdogo wangu Siwema,

Baba yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza.

Yuko hospitalini hapa Bariadi, na mrija puani. Mafua hayakuwa ya vumbi. Nilimleta mwenyewe kwa pikipiki, nimemfunga na kanga ya Mama mgongoni kwangu asianguke, tunasimama kila baada ya mwendo kidogo apumue. Sasa nimeelewa ulichoniandikia kuhusu jina lako. Langu nalo analikata katikati.

Wanaomhudumia siwezi kuwamaliza kwa sifa. Wanavaa yale manguo yanayofunika mpaka macho, jasho linawatiririka ndani, na bado wanamwita Mzee Abdulkarimu, hawamwiti mgonjwa wa kitanda kile. Kama serikali inataka kuongeza posho, isiniulize mimi, ije isimame hapa mlangoni iangalie. Sista Ikupa amerudishwa wodini, zamu zake anazifanya humu. Anamlisha uji kwa kijiko huku anamgombeza, "Mzee, meza, mimi sio mwanao wa kubembelezwa." Baba anacheka bila sauti. Daktari amesema hewa ya mtungi anayotumia leo ni kidogo kuliko ya juzi, lakini hajatoka hatarini bado, tusiseme ametoka. Umwombee.

Mtamba nimemuuza. Pesa ya dawa, chakula, na ya kulala hapa nje.

Sasa la kweli ulilouliza. Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii.

Siku ile mnadani Kasmiri alinicheka. Alisema mbele ya watu, "Toka hapa, dereva wa nesi, ng'ombe hawanunuliwi kwa nauli." Nikaona haya. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi sipewi nauli. Mimi nalipwa kwa kila mkono unaochomwa. Huyu ng'ombe ni mikono ya Shishiyu, na wa pili atakuwa mikono ya Dutwa." Ni uongo mtupu. Sista alikuwa ameshanieleza posho ni ya nini, nilijua vizuri kabisa. Nilitaka tu ninyamazishe kicheko. Na kikanyamaza, wakaanza kuniita dalali wa mikono, nami nikafurahi.

Maneno yakafika dukani kabla ya ng'ombe. Unamjua Baba na madalali. Anasema mtu anayelipwa kwa kila ng'ombe atakayeuzika hawezi kukuonyesha kidonda. Hakuniuliza kitu siku zote za Idi. Alisubiri Jumamosi.

Sista alipomaliza kusema, Baba akamuuliza mbele ya wote, "Binti, mnalipwa kwa mkono?" Sista akasema, "Hapana, mzee. Tunalipwa kwa siku, hata kama hakuna atakayekubali." Baba akasema, "Nakupenda unavyoongea. Lakini mwanangu kasema mnadani analipwa kwa mkono, na ng'ombe yuko uani. Mmoja wenu anadanganya, na mimi sitamwita mwanangu mwongo kwenye baraza langu, labda aseme mwenyewe." Akanigeukia. "Nassib, baba, eti?"

Wazee wote wakaniangalia. Kasmiri naye alikuwepo, kaja kunywa kahawa. Ingetosha kusema nilidanganya. Neno moja, Siwema. Mimi ninayeongea mpaka ndotoni. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kioo cha pikipiki.

Sista alijua. Alifunga kasha lake, akawaaga wazee kwa heshima, na tulipofika barabarani akaniambia, "Leo umeniangusha, Nassib. Kesho tuna safari, uje mapema." Hajalirudia tena mpaka leo.

Mzee Sharifu hakuchanjwa, na hao wengine wote hawakuchanjwa. Baba ndiye angeanza. Alikuwa kwenye kiti, ameshakunja mkono wa shati mpaka begani wakati ananiuliza lile swali. Alinisubiri, nikafuta kioo. Akasema, "Basi, nimemwamini mwanangu." Akaushusha mkono wa shati taratibu, akafunga kifungo.

Nassib